Je, kerneli ya Linux inapaswa kuitegemea systemd?

Swali: "Mwalimu, jambo. Natunza mashine za zamani za wanafunzi katika shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. RAM yake ni ndogo, kwa hiyo nimeziwekea Alpine, Linux ndogo ambayo haina systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma nyingine zote), na zinafanya kazi vizuri. Sasa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeshughulikia seva katika kampuni moja ya mgodi, ananiambia najisumbua bure: eti kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vya mashine, imeanza kuitegemea systemd, na baada ya miaka michache hakuna mashine itakayowaka bila hiyo. Ni kweli? Na hata kama si kweli leo, ni halali kerneli ya programu huria itegemee programu fulani moja iliyo juu yake?"

Jibu:

Jambo sana, mdogo wangu. Nianze kwa kukutoa hofu: hakuna toleo hata moja la kerneli ya Linux linalohitaji systemd ili mashine iwake. Ushahidi wa karibu kabisa uko mfukoni mwa yaya wako mwenyewe, kama simu yake ni ya Android. Ndani yake mna kerneli ya Linux, na systemd haimo. Android ina programu yake ya kuwashia na maktaba yake ya C (msimbo wa pamoja ambao programu nyingine huutumia kuongea na kerneli) iitwayo bionic.

Hata hivyo namwelewa yaya. systemd ilitangazwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Kati ya mifumo mikubwa ya Linux, Fedora ikaichukua mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux ikafuata kwa toleo la 7 mwaka 2014, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Mtu aliyejifunza kazi ya seva baada ya hapo hajakutana na kingine, na kitu unachokikuta kila mahali ni rahisi kudhani kimepigiliwa misumari sakafuni.

Swali lako la pili ndilo zito. Mimi nasema hivi: kerneli ina haki ya kuhitaji kwamba kazi fulani ifanywe upande wa mtumiaji, yaani na programu zinazokaa juu yake. Haina haki ya kuchagua nani aifanye. Magomvi makubwa niliyoyafuatia katika jambo hili yalizuka pale mpaka huo ulipofifia, na nitakuonyesha machache.

Lakini kwanza tazama kinachotokea kila umeme unaporudi na mashine zako zikawashwa. Kerneli inapakiwa kwenye kumbukumbu, inatambua prosesa, diski na kadi ya mtandao, kisha inatafuta programu ya kwanza ya kuikabidhi kazi, ile inayopewa namba 1. Kama kuna initramfs, yaani mafaili ya muda yanayopakiwa pamoja na kerneli, inatafuta faili liitwalo /init ndani yake. Kama haipo, inaangalia iwapo uliandika init= kwenye mstari wa kuwashia. Hukuandika? Inajaribu majina manne kwa zamu: /sbin/init, /etc/init, /bin/init, na mwisho /bin/sh. Yote yakikosekana inasimama na kuandika kwenye skrini kwamba haikupata init inayofanya kazi. Basi, hakuna zaidi. Hakuna mahali inapochungulia kuona kama faili hilo ni systemd, BusyBox (amri nyingi ndogo zilizowekwa katika programu moja), au programu ya mistari ishirini uliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Kwenye Debian, /sbin/init ni kiungo kinachoelekea systemd. Kwenye Alpine yako ni BusyBox, nayo inaiita OpenRC, inayoanzisha huduma. Kerneli imeona jina lilelile pande zote mbili na imeridhika.

Jaribu kwenye mashine isiyo na kazi ya mtu. Wakati wa kuwasha, ongeza init=/bin/sh mwishoni mwa mstari wa kerneli. Utapata ganda (shell) tupu la kuandikia amri, bila huduma yoyote, likiwa ndilo programu namba 1. Usiandike exit humo, maana programu namba 1 ikifa kerneli nayo inakufa papo hapo.

Sasa nisikudanganye kwamba kerneli haijui jina lolote la huko juu. Yanayojulikana yapo. Ukitaka kufungua flashi yenye mfumo wa faili ambao moduli yake, yaani kipande cha kerneli kinachoongezwa kinapohitajika, haijapakiwa, kerneli yenyewe ndiyo inayoita programu ya kuileta moduli hiyo, na njia ya programu hiyo imeandikwa kwenye /proc/sys/kernel/modprobe. Kwa kawaida ni /sbin/modprobe. Programu nyingine ikianguka vibaya, kerneli inaweza kuyakabidhi mabaki yake kwa programu iliyotajwa kwenye core_pattern. Kuna /sbin/request-key kwa ajili ya funguo. Na tangu mwaka 2023, ukitumia NFS (mafaili yanayoshirikiwa kupitia mtandao) iliyolindwa kwa TLS (usimbaji wa mawasiliano), kerneli haifanyi yenyewe mazungumzo ya mwanzo ya TLS. Inatuma ombi kwa netlink, njia yake ya kuongea na programu za juu, na kusubiri programu ya upande wa mtumiaji iyafanye. Nadhani walifanya vizuri kuyatoa nje mazungumzo hayo, maana msimbo wa vyeti vya usalama ni mzito na una historia ndefu ya matundu.

Kwa hiyo utegemezi upo. Kinachouhalalisha ni kwamba kila mmoja wa hao unaweza kubadilishwa. BusyBox ina modprobe yake, isiyoshiriki hata mstari mmoja na ile ya Debian, na kerneli haijali. Njia yenyewe unaweza kuibadilisha kwa kuandika mstari mmoja kwenye faili lile la /proc. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mwanafunzi wa hapa Lubumbashi, ambaye hajawahi kuzungumza na waandishi wa programu hiyo, anaweza kuandika mbadala wake kwa kusoma maelezo yanayokuja na kerneli peke yake? Akiweza, utegemezi huo ni safi. Akilazimika kusoma msimbo wa programu moja fulani ili ajue kerneli inatarajia nini, hapo kuna kasoro.

Kasoro ya namna hiyo ilijitokeza mwaka 2012, na kisa chake kinafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu ndicho kinachojibu swali lako vizuri kuliko nadharia yoyote.

Vifaa vingi, hasa kadi za Wi-Fi na vile vya kupokea televisheni, havibebi programu yao ndani. Draiva lazima ivipelekee faili kutoka kwenye diski kila vinapowashwa, tuite famwea. Zamani kerneli haikulisoma faili hilo yenyewe. Ilitoa tangazo kwamba inahitaji famwea yenye jina fulani, na udev, programu ya kushughulikia vifaa iliyokuwa ikisikiliza huko juu, ikalitafuta na kulikabidhi. Utaratibu huu ulitumika miaka mingi bila kelele. Lakini ndani yake mlikuwa na makubaliano ambayo hakuna aliyeyaandika vizuri: draiva iliruhusiwa kuomba famwea ikiwa bado inapakiwa.

Aprili 2012 udev ikaingizwa ndani ya mradi wa systemd, na karibu na wakati huo mwenendo wake ulibadilika. Sasa ilikuwa haijibu ombi la famwea mpaka moduli yenye draiva imalize kupakiwa. Na moduli haimalizi kupakiwa mpaka ipate famwea. Ukaona mchezo? Kila mmoja alikaa akimsubiri mwenzake mpaka muda ukaisha, na watu wakabaki wakitazama mashine zinazochelewa kuwaka na vifaa visivyofanya kazi. Waandishi wa udev walisema draiva ndizo zilizokosea, hazikupaswa kuomba famwea mapema hivyo. Watu wa kerneli walisema kilichofanya kazi jana kimevunjwa leo, na aliyekivunja hataki kukirudisha.

Kwa hoja tupu, udev huenda hawakuwa mbali na ukweli. Kuomba faili wakati diski yenyewe huenda haijafunguliwa si ustadi. Lakini mtumiaji mwenye kadi iliyokufa hakuwa na haja na hoja. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, naye hakungoja mabishano yaishe. Kerneli 3.7, iliyotoka Desemba 2012, ikaanza kulisoma faili yenyewe moja kwa moja kutoka /lib/firmware. Mwaka 2014 systemd, kwa toleo lake la 217, ikauondoa kabisa msimbo wake wa kuleta famwea na kutangaza kwamba tangu sasa inahitaji kerneli 3.7 au ya baadaye.

Angalia mwelekeo wa mambo hapo. Kerneli iliegemea mwenendo wa programu moja, programu hiyo ikabadilika, kerneli ikajitoa. Na mwishowe ni systemd iliyobaki ikiitegemea kerneli. Habari aliyokuletea yaya wako ipo kweli, ila imegeuzwa juu chini. Mwambie afungue faili la README la systemd: humo kuna orodha ya toleo la chini kabisa la kerneli linalokubalika, pamoja na vipengele ambavyo lazima viwe vimewashwa wakati wa kuijenga kerneli. Halafu mwombe akuonyeshe kwenye kerneli mstari mmoja unaosimamisha kazi kwa sababu systemd haipo.

Sheria inayosimama nyuma ya haya yote ni maarufu: mabadiliko ya kerneli yasivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Reli iliyofika mjini kwetu mwaka 1910 ikitokea kusini ina upana wa milimita 1067, na haiulizi kichwa cha treni kimeundwa kiwanda gani; inadai upana tu. Kwa Linux upana huo ni miito ya mfumo, yaani maombi ambayo programu huipelekea kerneli, pamoja na mafaili ya /proc na /sys. Mwezi uleule wa Desemba 2012 kulikuwa na badiliko katika sehemu ya video lililofanya kerneli irudishe namba nyingine ya kosa, na programu za sauti na za mazingira ya KDE zikaharibika. Mtunzaji wa sehemu hiyo alidai kosa ni la programu zenyewe. Torvalds alimjibu kwa ukali ambao watu bado wanausimulia, na maana yake ilikuwa moja: badiliko la kerneli likivunja programu, kosa ni la kerneli, hata kama programu hiyo imeandikwa vibaya.

Sheria hii ina gharama ambayo wanaoisifu hawaitaji mara nyingi. Kwenye /proc/cpuinfo kuna namba iitwayo BogoMIPS, ambayo haipimi chochote cha maana kwa mtumiaji. Mwaka 2013 watu wa upande wa prosesa za ARM waliiondoa. Mwanzoni mwa 2015 ilibidi irudishwe, kwa sababu kulikuwa na programu zinazoisoma na zilikwama bila hiyo. Kerneli ya mashine za kisasa inaendelea kubeba namba isiyo na faida kwa ajili ya programu ambazo waandishi wake hawajawahi kuzifikiria. Ndiyo maana siwakubali wanaosema kerneli safi haifungwi na chochote. Linux imefungwa sana, tena imefungwa na programu zote kwa pamoja, na kwa sababu hiyohiyo ni vigumu kuifunga na moja. Hata leseni yake inauheshimu mpaka huu: maelezo yaliyowekwa juu ya GPL ya toleo la 2 yanasema programu inayotumia huduma za kerneli kwa miito ya kawaida ya mfumo haihesabiwi kuwa kazi iliyotokana na kerneli.

Kuna watu wenye akili zao wanaofanya kinyume, na nisipowataja nitakuwa nimekupa nusu ya habari. Katika OpenBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, kerneli, maktaba ya C na amri za msingi vinakaa katika hazina moja, vinaandikwa na kundi moja, na vinatoka siku moja, kila baada ya miezi sita hivi. Kwa hiyo wanaweza kubadilisha pande zote mbili kwa mpigo. Toleo la 5.5 la Mei 2014 lilifanya saa ya mfumo iwe ya biti 64 hata kwenye prosesa za biti 32, ili kuepuka tatizo la mwaka 2038, saa ya biti 32 itakapofika ukomo. Programu zote za zamani zilivunjika, wakazijenga upya, maisha yakaendelea. Linux kwa mashine za biti 32 ilifika huko kwenye kerneli 5.6, Machi 2020, kwa sababu ililazimika kuongeza miito mipya pembeni ya ile ya zamani bila kuigusa ya zamani.

OpenBSD walikwenda mbali zaidi. Toleo la 7.5, Aprili 2024, liliondoa mlango wa jumla wa kuita kerneli, na sasa miito inakubaliwa tu ikitoka mahali panapojulikana, kwa kawaida ndani ya maktaba yao ya C. Programu inayojaribu kuiruka inauawa. Hiyo ni kerneli inayoitegemea maktaba moja maalumu, kwa makusudi, na sababu ni ya usalama: mwizi aliyefanikiwa kupenyeza msimbo wake kwenye programu hawezi tena kuita kerneli anavyotaka. Sina ugomvi nao. Hawakuahidi kitu kingine.

Lakini mpango wa namna hii una gharama, na anayeilipa ni mtu wa nje. Lugha ya Go ilikuwa na desturi ya kuita kerneli moja kwa moja. Kwenye Linux hakuna aliyeona tatizo. Kwenye macOS, Apple haikuwahi kuahidi kwamba miito yake itabaki vilevile, na ilipotoka Sierra mwaka 2016 programu nyingi za Go zilizokwisha kujengwa zilianza kuanguka kwa sababu mwito wa kuuliza saa ulibadilika. Go wakasalimu amri: walianza kupitia maktaba ya Apple kwenye toleo la 1.11 mwaka 2018, wakakamilisha kwenye 1.12 mwaka 2019.

Kwa hiyo kerneli ikitaka kufungamana na programu moja, iwe na mwenye nyumba mmoja, siku moja ya kutoka, na iseme mapema. Linux haina hata kimoja. Juu yake kuna Android yenye bionic, Alpine yenye musl, Debian yenye glibc, ruta za OpenWrt, na mashine za viwandani ambazo ndani yake mna BusyBox na programu moja tu. Kuchagua mmoja kati ya hao ni kuwafukuza wengine.

Mwaka 2015 unatuonyesha jinsi uamuzi wa namna hii unavyofanyika kwa kweli, na si wa kinadharia hata kidogo. Kulikuwa na pendekezo la kuingiza ndani ya kerneli njia ya mawasiliano iitwayo kdbus, iliyoandikwa na watu wa karibu na systemd, na Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, akaomba iingizwe. Ikapingwa: usalama wake ulitiliwa shaka, na wengi waliuliza kwa nini D-Bus, njia ambayo programu huzungumza zenyewe kwa zenyewe upande wa mtumiaji, isirekebishwe kwanza kabla ya kuhamishiwa chini. Haikuingia, na ndani ya mwaka huo ikaondolewa mezani. Wakati huohuo binder, mawasiliano ya Android, ambayo kivitendo mtumiaji wake ni mmoja, ilihamishwa kutoka eneo la majaribio hadi eneo rasmi kwenye kerneli 3.19, Februari 2015. Upendeleo? Kwa kiasi fulani ndiyo, upendeleo wa kilichokwisha kuenea. Binder ilikuwa kwenye simu nyingi mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza tena kuiondoa. Lakini tazama tofauti inayokuhusu wewe: binder ni kipengele unachoweza kukizima wakati wa kujenga kerneli, na mashine zako za Katuba hazitajua kama kiliwahi kuwapo. Msimbo wa mtu mmoja kukaa ndani ya kerneli ni jambo moja. Kerneli kumhitaji mtu huyo ili iwake ni jambo jingine.

Kanuni ninayoipenda zaidi iko sehemu ya michoro. Ukitaka kuongeza mlango mpya kwa ajili ya kadi ya michoro, lazima kuwe na programu ya upande wa mtumiaji inayoutumia, iliyo huria, iliyopitiwa na wenye mradi wake na kuwa tayari kupokelewa huko. Kijiprogramu cha kujaribia hakikubaliki. Juu juu inafanana na utegemezi. Kazi yake lakini ni kuulinda umma: mlango ambao mtumiaji wake pekee ni programu iliyofungwa ya kampuni moja hauwezi kukaguliwa na yeyote, na kerneli ingelazimika kuutunza milele bila kujua unafanya nini.

Nirudi kwa yaya, kwa sababu kuna mzizi mwingine wa uvumi wake. Cgroup, kipengele cha kerneli cha kugawanya programu katika makundi na kuyawekea kikomo cha kumbukumbu na prosesa, kilifanyiwa marekebisho makubwa, na toleo lake la pili likawa rasmi kwenye kerneli 4.5 mwaka 2016. Miaka kadhaa kabla ya hapo kulikuwa na mazungumzo kwamba mti wote wa makundi usimamiwe na programu moja tu, na kila mtu alijua ni ipi iliyokuwa ikifikiriwa. Kilichotoka mwishoni ni mti mmoja wenye kanuni za kukabidhiana matawi, bila jina la programu yoyote. OpenRC yako inautumia vizuri. Na Aprili 2014 kulizuka fujo nyingine: neno debug kwenye mstari wa kuwashia lilikuwa la kerneli tangu zamani, systemd nayo ikawa inalisoma na kumwaga ujumbe mwingi kiasi kwamba mtu aliyetaka kuchunguza kerneli hakuweza hata kuwasha mashine. Torvalds alitamka kwamba hatapokea tena msimbo wa mmoja wa waandishi wakuu wa systemd mpaka mwenendo ubadilike. Ukiyasikia haya nusunusu, unaweza kuondoka ukiamini vitu hivi viwili vimekwisha kuwa kimoja.

Hatari halisi kwa mtu kama wewe haitoki chini, inatoka juu. Mazingira ya dawati ya GNOME yalipoanza kuegemea logind, sehemu ya systemd inayosimamia watumiaji walioingia, wasiotumia systemd walibanwa bila kerneli kubadilika hata herufi. Suluhisho likawa elogind, yaani logind iliyochomolewa ikasimama peke yake. Alpine wanayo kwenye hazina yao. Kipimo kilekile kinafanya kazi hapa pia: iliwezekana kuichomoa kwa sababu mazungumzo yake ya D-Bus yameandikwa hadharani. Debian waliokuwa wakijenga mfumo wao juu ya kerneli ya FreeBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, wakautoa kama jaribio mwaka 2011, hawakuwa na bahati hiyo. Mfumo huo haukuwamo tena kwenye Debian 8, na systemd haifanyi kazi popote isipokuwa juu ya Linux. Wingi wa programu ulikuwa umehamia upande mmoja.

Kuhusu kujenga kerneli nitapita haraka. Kwa miaka mingi haikujengeka ipasavyo ila kwa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa kitu mashine inachoweza kuendesha. Siku hizi Clang nayo inaijenga, na tangu 6.1 ya Desemba 2022 kuna nafasi ya lugha ya Rust. Huo ni utegemezi wa siku ya kujenga, haugusi mashine inayowaka darasani.

Kwa mashine zako, basi. Baki na Alpine na OpenRC bila wasiwasi. Kitakachokusumbua kwanza ni programu zilizofungwa zilizojengwa kwa glibc, maana Alpine ina musl. Usihangaike nazo, tafuta iliyo kwenye hazina ya Alpine yenyewe. Cha pili, na hiki ndicho ningekihofia kuliko systemd, ni prosesa za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli rasmi kwa ajili yake, na Firefox kwa Linux ya biti 32 iliishia toleo la 144 kwa njia ya kawaida. Fungua /proc/cpuinfo kwenye kila mashine, tafuta alama ya lm kwenye mstari wa flags. Ikiwapo, prosesa inaweza biti 64, hata kama aliyekutangulia aliiwekea mfumo wa biti 32. Isakinishe upya kwa Alpine ya x86_64.

Na kwa kuwa mega za intaneti ni ghali, weka folda ya mashine moja ishirikiwe kwenye mtandao wa ndani wa shule, kisha endesha setup-apkcache kwenye kila mashine ukiielekeza kwenye folda hiyo, ili kila kifurushi kishushwe mara moja tu. Zile ambazo hutaikuta alama ya lm, niandikie aina ya prosesa na kiasi cha RAM, tuone zinaweza kubakizwa kwa kazi gani.